Jinsi ya kusoma mistari ya zamani mlimani: mifereji iliyokufa, mipaka ya mashamba na matuta (Moshi na Arusha)

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho au Old Moshi, au upande wa Arusha ukazunguka Meru kuelekea Ngare Nanyuki, kipindi majani yamekauka utaona miteremko imechorwa mistari. Mingine inazunguka kilima polepole, mingine inashuka wima, mingine ni kama ngazi moja tu katikati ya shamba ambayo mwenye shamba mwenyewe hajui ilitoka wapi. Na kila mtu ana jina lake, huyu anasema ni handaki la Mangi (mtawala wa Wachaga wa zamani), yule anasema ni Wajerumani, mwingine anakwambia ng'ombe tu hao.

Mwongozo huu ni wa kujua kipi ni kipi bila kuchimba hata kijiko kimoja cha udongo. Msingi wake ni huu: pima mteremko wa mstari kwanza, jina lije baadaye. Maji hayapandi mlima, hilo kila mtu analijua, ila watu wakifika shambani wanalisahau kabisa wanaanza hadithi.

Nenda lini

Januari na Februari kabla ya masika, au Septemba na Oktoba. Mwezi wa 6 mpaka wa 8 upande wa Kilimanjaro mawingu yanakaa siku nzima na bila jua hupati kivuli, na kivuli ndo kila kitu. Tuta la sentimita 30 saa sita mchana halionekani, ila saa moja asubuhi au saa kumi na moja na nusu jioni jua likiwa chini linatoa kivuli kirefu mpaka unashangaa. Kwa hiyo usiende mchana ukarudi ukisema hamna kitu.

Ukanda wa vihamba wenyewe, kule kwenye migomba na kahawa, ni mgumu kuona kutoka mbali. Anzia chini kidogo kwenye miteremko iliyo wazi alafu fuata mstari kupanda nao.

Angalia kutoka mbali kabla hujakanyaga

Simama kilima cha ng'ambo, mkabala na ule unaotaka kuusoma, piga picha nyingi jua likiwa chini. Ukiwa juu ya mstari wenyewe unaona majani tu, ukiwa ng'ambo unaona mstari wote unakotoka na unakoenda.

Nyumbani fungua Google Earth kwenye kompyuta (ya kwenye simu ni nzuri ila ya kompyuta unarudi nyuma miaka kwa urahisi zaidi), tafuta picha za kiangazi, rudi nyuma mwaka kwa mwaka. Mara nyingi picha ya zamani kidogo inaonyesha mstari ambao saivi umeshajengewa nyumba au greda limeshapita. Mfereji uliojaa udongo unatunza unyevu, kwa hiyo mwanzo wa kiangazi majani ya juu yake yanabaki kijani wakati ya pembeni yameshakauka. Ukuta wa mawe uliofukiwa ni kinyume chake, majani yanakauka mapema. Weka pini na skrinishoti zenye tarehe ya picha. Ukipata ramani ya 1:50,000 ya eneo hilo kwenye ofisi za ardhi, chukua nakala, maana ina mito midogo yenye majina na majina ya zamani yanasaidia sana.

Ruhusa, na namna ya kuuliza

Hii watu wanairuka alafu wanafukuzwa na mapanga. Uchagani ardhi ni kidogo, kihamba ni urithi na kaburi la babu liko humohumo, kwa hiyo mgeni anayetembea na tepu anapima mpaka ni habari mbaya hata kama ana nia njema. Anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, jieleze, alafu nenda kwa mwenye shamba na mtu wa palepale.

Ukishasema "shikamoo mzee" na mmekaa vizuri, usiulize "mpaka wa zamani ulikuwa wapi". Uliza "maji yalikuwa yanapita wapi". Swali la mpaka linafunga mdomo, swali la maji linafungua, mzee atakwambia mfereji ulianzia mto gani, ulikuwa wa ukoo gani, zamu za maji zilikuwaje, nani alikuwa anaita watu kwenda kusafisha, na ulikufa lini na kwa nini. Mifereji mingi Uchagani (wenyewe wanaita mfongo) ina jina la aliyeuchimba au la ukoo wake, na jina hilo likitajwa na wazee wawili wasiokaa pamoja una ushahidi mzuri. Uliza na kina mama, maana waliokuwa wanachota maji humo ndo wanakumbuka ulikata lini.

Vifaa

Tepu ya mita 30 au 50, mpira mwembamba unaoonyesha ndani wa mita 12 hivi (ule mafundi ujenzi wanaotumia kupata levo), fimbo mbili zilizonyooka zenye alama za sentimita, kamba, daftari la miraba, penseli, simu yenye GPS. Penseli, sio peni, jasho na umande vinaharibu wino. Simu kwenye uwazi inakosea mita chache tu, chini ya migomba inakosea zaidi, kwa hiyo iamini kwa kujua mstari uko wapi, usiiamini kwa kupima mstari wenyewe.

Kupima mteremko wa mstari (hapa tulia)

Jaza mpira maji mpaka hewa yote itoke. Povu moja likibaki ndani unapata namba za uongo, kwa hiyo uunyooshe juani uangalie kipande kwa kipande. Funga kila ncha kwenye fimbo yake. Mmoja anasimama alipo, mwingine anaenda mita 10 mbele akifuata mstari, fimbo zote zinakanyaga kitako cha mfereji, sio kingo. Mkitembea zibeni ncha kwa kidole gumba maji yasimwagike. Mkisimama achieni vidole, subirini maji yatulie, kila mtu asome maji yako sentimita ngapi kutoka ardhini. Aliye chini atasoma namba kubwa. Tofauti ya namba mbili ndo mshuko wa mita hizo 10. Andika, sogea, rudia.

Tuseme umepata 6, 4, 7, 5, 5, 6. Hiyo ni sentimita 33 kwa mita 60, unashuka kidogokidogo upande mmoja bila kubadilika. Hakuna ng'ombe wala mvua inayotengeneza kitu kama hicho kwenye mteremko mkali, huo ni mfereji, mtu alikaa akaupimia kwa maji yenyewe. Ufuate kupanda mpaka ufike mtoni au korongoni, kule utakuta banio, au mahali lilipokuwa, mawe yamepangwa mshazari kwenye mto. Ukishuka nao utakuta matoleo, vijitaro vidogo vinavyochepuka kwenda mashambani, na pengine bwawa dogo la kukusanyia maji ya usiku, ambalo Uchagani ni nduwa na kwa ndugu zetu Wapare ni ndiva.

Ukipata 1, halafu 0, halafu kurudi juu 1, halafu 2, hiyo iko levo. Maji hayaendi popote hapo, yanakaa. Hilo ni tuta la kuzuia mmomonyoko, au ukingo wa shamba.

Na ukipata 5, 6, 5 alafu ghafla 40? Usiufute mstari wako. Simama uangalie, inawezekana maporomoko ya udongo yamekula sehemu, au maji yaliangushwa hapo kwa makusudi, au mfereji ulivuka korongo kwa gogo lililochongwa katikati (Wachaga walikuwa wanavusha maji hivyo) na gogo limeshaoza zamani. Nenda ng'ambo ya korongo utafute mstari unaoendelea kwenye kimo kilekile.

Mstari ukishuka karibu wima, sio mfereji wa kumwagilia. Hapo una mpaka, njia, au maji ya mvua yamejichimbia.

Kata mstari kwa macho: udongo ulitupwa upande gani

Sasa tandaza kamba kukatisha mstari, kutoka juu ya mlima kuja chini, mita 3 kila upande, ivute levo, pima kwenda chini kila sentimita 25. Ukichora kwenye karatasi ya miraba unapata umbo la mstari.

Aliyechimba mfereji mlimani alitupa udongo upande wa chini, maana ndo rahisi na ndo unaoshikilia maji. Kwa hiyo ukitoka juu unakutana na mtaro kwanza alafu tuta. Fanya juu, yaani tuta la kuzuia mmomonyoko, ni kinyume, jina lenyewe linasema, udongo unarushwa juu, kwa hiyo unakutana na tuta kwanza alafu mtaro chini yake. Yako mengi Arumeru kwenye mashamba yaliyopitiwa na mabwana shamba miaka ya 1980 na 1990, na watu washaanza kuyaita ya mababu. Fanya chini, tuta la kazi hiyohiyo ila udongo unatupwa chini, ndo inachanganya, inafanana na mfereji kabisa kwa umbo. Ndo maana nikasema mteremko kwanza: fanya chini iko levo na inaishia katikati ya shamba, haina mto inakotoka.

Kuna umbo la tatu ambalo halina mtaro, ngazi tu. Shamba la juu, kidaraja cha nusu mita au hata mita nzima, shamba la chini. Wengi wanadhani kuna mtu alijenga. Mara nyingi hakuna aliyejenga. Mtu akilima mteremko kwa jembe la mkono anasimama chini anaangalia juu, kila pigo anavuta udongo kuja miguuni kwake, mwaka baada ya mwaka udongo wote unahama unashuka. Ukifika mpakani, penye masale (mmea Wachaga wanaoupanda mpakani) au mawe au majani yasiyolimwa, unagota unarundikana. Wakati huohuo juu ya shamba kunachimbika kunabaki kitako kigumu. Kwa hiyo ngazi hiyo ni mpaka uliojiandika wenyewe, na ikiwa ndefu kwenda juu inakwambia hapo palilimwa mda mrefu bila mpaka kuhama. Angalia udongo wa pande mbili: chini kabisa ya shamba la juu utakuta mweusi, laini, mwingi, mwanzo wa shamba la chini unakuta mwekundu na changarawe. Ukiona hivyo huna haja ya kuuliza mtu.

Mimea inasema miaka

Masale yakiwa kwenye mstari ni mpaka. Yakiwa kichaka au mduara, hasa karibu na nyumba ya zamani, simama hapo, yanaweza kuwa makaburi, usipite katikati na usipige picha bila kuuliza. Masale hayakupi umri maana yanapandwa upya kwa kukata tawi, ila mimea ya kigeni inakupa. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, kwa hiyo ua wa mkonge haiwezekani uwe wa kabla ya hapo, hata akuapie nani. Mgrivea asili yake Australia, umekuja na ukoloni ukapandwa sana kwenye kahawa, mikaratusi nayo Australia, mijakaranda Amerika Kusini. Mstari mrefu ulionyooka wa mgrivea unaokatisha mabonde bila kujali ardhi ilivyokaa ni mpaka wa estate, umepimwa na sevea.

Angalizo: mmea unatoa umri wa mmea. Mkonge unaweza kupandwa juu ya tuta lenye miaka mingi zaidi yake.

Kwenye mahame utakuta ndulele nyingi, na pale palipokuwa zizi nyasi zinabaki nzito na za kijani mda mrefu sana baada ya watu kuhama, kwa sababu ya samadi. Ukishuka tambarare za Monduli utaona miduara hiyo hata kwenye picha za setilaiti.

Nani kamkata nani

Mahali mistari miwili inapokutana kaa hapo nusu saa. Mfereji ukipita juu ya ngazi ya shamba na kuikata, ngazi ni ya zamani kuliko mfereji. Ngazi ikiwa imefukia mtaro, mfereji ulishakufa watu wakaendelea kulima juu yake. Njia ya gari ikikata vyote ni mdogo wa wote. Andika hivyo tu, "A amekatwa na B", usiandike karne. Mpangilio huo ni imara kuliko tarehe ya kukisia.

Ndani ya ardhi unaweza kuona bila kuchimba. Tafuta palipokatwa tayari, barabara mpya, msingi wa nyumba, shimo la choo, kingo za korongo. Mfereji uliojaa unaonekana kama bakuli la udongo mwembamba wenye tabaka za mchanga na tope laini, ndani ya udongo wa kawaida. Piga picha na rula pembeni. Hizi nafasi hazikai, msingi ukishamwagwa zege basi, kwa hiyo ukisikia jirani anachimba nenda siku hiyohiyo.

Vinavyodanganya

Vijinjia vya ng'ombe na mbuzi kwenye mteremko mkali: vyembamba, viko vingi vimepangana, vinagawanyika na kuungana tena, na ukipima vinapanda na kushuka ovyo. Njia za watu za zamani zinachimbika na maji mpaka zinakuwa handaki la kimo cha mtu, ila zinaenda mtoni, sokoni, kanisani, na haziogopi kushuka wima.

Vile vilima vidogovidogo upande wa Momella navyo sio makaburi ya majitu. Maelfu ya miaka iliyopita Meru ilibomoka upande wa mashariki, mlima ukamwagika, vile ni vipande vyake.

Mahandaki ya vita yapo kweli, sikatai. Mangi Horombo wa Keni kule Rombo alijenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19, na boma la Mangi Sina wa Kibosho Wajerumani walilishambulia mwaka 1891. Marangu watalii wanaingizwa kwenye mashimo ya chini ya ardhi watu walimokuwa wakijificha na mifugo. Ila handaki la ulinzi lina tabia zake: pana, kina kirefu kuliko mfereji wowote, linazunguka kitu au linakata mgongo wa kilima kutoka korongo hadi korongo, na halijali mteremko. Mtaro wa nusu mita unaoshuka sentimita 5 kila mita 10 haumzuii adui yeyote, hata mbuzi wake.

Zoezea Engaruka

Kama unataka kuzoesha macho kabla hujahangaika na kilima cha kwenu nenda Engaruka, wilaya ya Monduli, kama kilomita 60 na ushee kaskazini mwa Mto wa Mbu, njia ya kwenda Lengai na Natron. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa kuna mashamba ya mawe ya kumwagilia yanayofika kama hekta 2,000, watu waliyalima kuanzia karne ya 15 hivi mpaka ya 18, alafu wakaondoka. Mawe yamepangwa bila udongo wa kushikia. Lipia kijijini, chukua mwongozaji wa palepale, nenda alfajiri maana jua la kule halina utani.

Anzia juu kwenye mteremko, kule kuna majukwaa ya mawe zilikokaa nyumba, alafu shuka ukiuangalia mpango kutoka juu: mifereji mikuu inatoka mto unapochomoka ukutani, kisha vijistari vya mawe vinagawa mashamba visanduku visanduku, kisha marundo ya mawe yaliyookotwa shambani, na miduara mikubwa iliyokuwa mazizi. Kitu cha kukitazama kwa karibu ni visanduku vyenyewe. Sehemu nyingine udongo ulioko ndani haukuwa hapo, ulikuja na maji. Walizungushia mawe, wakaingiza maji ya tope, tope likatua, wakaongeza mawe, likatua tena, mpaka shamba likapanda. Kwa hiyo ukiona ukuta wa mawe wenye udongo sawa na kichwa chake upande mmoja na shimo upande wa pili, usifikiri umefukiwa kwa bahati mbaya. Usipande juu ya kuta na usihamishe jiwe hata la kukalia.

Kuchora na kuhifadhi

Chora kwa kipimo cha 1:500, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita 5 za ardhi. Mteremko mkali wa tuta unaonyeshwa kwa vistari vifupi, kichwa kinene upande wa juu na mkia mwembamba upande wa chini, kama kiluwiluwi, vikibanana penye ukali na kuachana penye ulaini. Weka kaskazini, tarehe, jina la kitongoji, na namba ya kila mstari. Maneno ya mzee andika kama alivyosema, pembeni yake andika ulichopima, usivichanganye kwenye sentensi moja. Wakitofautiana acha vyote viwili.

Kuhusu kuchimba: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vilivyojengwa kabla ya 1863 na uchimbaji unataka leseni. Ukiokota kigae au kichwa cha mshale kiache palepale, piga picha, chukua lokesheni kwa GPS, mwambie mtendaji na afisa utamaduni wa halmashauri.

Jambo la mwisho ni la mipaka. Ukishajulikana unasoma mistari, atakuja mtu na mgogoro wake akuombe uandike kwamba ngazi ile ndo mpaka wa babu yake. Usiandike. Ngazi inaonyesha jembe liliishia wapi, haionyeshi jembe lilikuwa la nani, na mwenye kuamua hilo ni baraza la ardhi. Mpe nakala ya mchoro na namba zako kama zilivyo, nakala nyingine iache ofisi ya kijiji ili hata jirani anayegombana naye aione ileile.